Poda ya kukinga jua: ya kuongezea, si ya kuanzia

Hewa ya Johannesburg inalaghai. Mtu aliyezoea Dar es Salaam, ambako Januari jasho lenyewe linakukumbusha kwamba jua liko kazini, akifika huku anakuta mchana wa Januari hiyohiyo una nyuzi joto 25 au 26, upepo mwanana, na anajiona amepona. Hajapona. Jiji hili limekaa mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mionzi ya urujuanimno, tuliyozoea kuiita UV, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Joto unalihisi, UV huihisi. Kuanzia Novemba hadi Februari kipimo cha UV saa sita mchana hapa hufika 11 na kupita, daraja la juu kabisa katika jedwali la shirika hilo.

Desemba, saa sita mchana, kivuli chako mjini Johannesburg karibu kinakwisha chini ya nyayo, kwa sababu jua linakuwa limesimama utosini. Juni ni kinyume: hata saa sita kamili kivuli ni kirefu kuliko wewe mwenyewe. Watu wakiona hivyo, pamoja na baridi ya asubuhi inayouma masikio, huweka krimu ya jua kabatini mpaka Septemba. Lakini Juni na Julai huku anga hukaa wiki nzima bila wingu, na kipimo cha mchana kwa kawaida hakishuki chini ya 3, kiwango ambacho madaktari wanataka mtu aanze kujikinga. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya mwaka mzima, ingawa mwezi wa kuwa mwangalifu zaidi ni Desemba.

Poda za madini za kukinga jua zimepata wateja wengi miongoni mwa wanawake wanaofanya kazi maofisini, na sababu ni ya haki. Ukishapaka mekapu asubuhi Yeoville au Mayfair, ukapanda teksi hadi Sandton, mchana huwezi kunawa uso uanze upya. Poda inakaa kwenye mkoba, haimwagiki, haina mafuta, na inapunguza mng'ao wa pua. Nazipenda na ninawashauri watu wazitumie. Ninachokataa ni ile desturi ya kuamka asubuhi, kupitisha brashi usoni mara mbili, kusoma "SPF 50" kwenye kichupa na kutoka nje ukiamini umevaa ngao.

Kwanza tuelewane ni poda ipi. Poda ya mtoto, ile nyeupe tunayojipaka shingoni baada ya kuoga, haikingi jua. Ni talki au wanga wa mahindi pamoja na manukato. Poda ya kawaida ya mekapu nayo, hata ikikukaa vizuri namna gani, kama haina namba ya SPF basi haijapimwa kwa kazi hiyo. Poda ninayoizungumzia ina oksidi ya zinki, au titani dioksidi, au zote mbili, zikiwa zimesagwa laini mno. Wauzaji hupenda kusema kwamba madini haya hurudisha miale kama kioo. Vipimo vya maabara vinaonyesha vingine: sehemu kubwa ya UV huifyonza, na kinachorudishwa ni kidogo. Kwa mtumiaji hilo lina maana moja. Tabaka lazima liwe nene ya kutosha na lisiwe na mapengo, maana palipo na pengo hakuna cha kufyonza.

Ukishuka stendi ya Noord, au ukipita Mtaa wa Lilian Ngoyi ambao wengi bado wanauita Bree, utawaona akina mama wauza mboga nyuso zao zimepakwa rangi ya waridi iliyopauka. Ile ni kalamaini, dawa ya kale ya mwasho, na kiini chake ni oksidi ya zinki iliyochanganywa na oksidi ya chuma kidogo, ndiyo inayoipa uwaridi. Wazulu na Waxhosa wana udongo wao, ibomvu mwekundu na umcako mweupe, unaopakwa uso mzima. Wamakua wa Msumbiji wana mussiro, Wangazija wana msindzano, na kwetu pwani bibi zetu walijisiliba liwa. Mwaka 2013 Profesa Ncoza Dlova wa KwaZulu-Natal na wenzake walichapisha vipimo vya udongo huo wa Afrika Kusini, wakaona kweli unakinga, ila kwa kiwango cha chini kikilinganishwa na krimu za dukani. Hata hivyo mama wa Noord anafanya jambo moja kwa usahihi kuliko dada wa Sandton: anapaka mpaka unaona kwamba amepaka. Poda ya ofisini inapakwa ili isionekane, na hapo ndipo kinga inapopotelea.

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonigeuza mimi. Namba ya SPF hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 za bidhaa katika kila sentimita ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima ni kama sentimita za mraba 600. Hiyo ni gramu 1.2 kwa mpako mmoja. Sasa geuza kichupa chako cha poda usome uzito chini: vingi vina gramu 4 hadi 6. Kwa kipimo cha maabara, kichupa cha gramu 6 kinatosha mipako mitano, halafu kimekwisha. Wewe kinakukaa miezi mitatu. Miezi mitatu ina siku za kazi kama 65, kwa hiyo hata ukipaka mara moja tu kwa siku, kila mpako ni chini ya gramu 0.1, yaani haufiki hata moja ya kumi ya kiasi kilichoipa bidhaa namba yake. Kinga hushuka kadiri tabaka linavyopungua. Ile 50 ya kwenye lebo haipo usoni kwako, na si kosa la kiwanda.

Wadhibiti nao wamesita. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipotoa pendekezo la kanuni mpya za bidhaa za jua Februari 2019, iliyakubali madini yote mawili, oksidi ya zinki na titani dioksidi, kuwa salama na yenye kufanya kazi. Lakini kwa umbo la poda ilitaka ushahidi zaidi kwanza. Madini hayana tatizo; shaka iko kwenye unga wenyewe, kama unakaa kwenye ngozi kwa wingi unaotakiwa na kama hauishii mapafuni. Nitarudi kwenye mapafu.

Kwa hiyo asubuhi anza na krimu. Chora mstari wa krimu kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha; hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Ukipima kwa kijiko, uso peke yake unataka robo ya kijiko cha chai. Ni nyingi, najua, na mara ya kwanza uso utaonekana umezidiwa. Paka nusu, subiri dakika mbili, paka nusu iliyobaki. Kisha iache ikae robo saa kabla ya fandesheni au kabla ya kutoka. Usiwahi kupitisha poda juu ya krimu ambayo bado mbichi: inajikusanya mabonge kwenye vinyweleo na pembeni ya pua, na ukijaribu kuyasawazisha unaondoa vyote viwili. SPF 30 huzuia asilimia 97 hivi ya miale inayobabua, SPF 50 kama 98; tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya kupaka vizuri na kupaka vibaya, kwa hiyo kama fedha ni chache chukua ya 30 iliyo kubwa na uipake bila ubahili.

Poda inaingia kazini baada ya saa mbili au tatu, pale krimu ya asubuhi imeshaliwa na jasho, mafuta, na mkono wako mwenyewe uliokuwa unaegemeza shavu mezani. Wakati mzuri ni kabla ya kutoka kwenda kula mchana, kwa sababu hapo ndipo jua liko juu kabisa na ndipo watu wa ofisini wanapolifuata. Simama karibu na dirisha, taa ya msalani inadanganya. Anza na tishu laini au karatasi ya kufyonza mafuta. Igandamize kwenye paji la uso, pua na kidevu, iinue, igandamize tena. Usifute. Ukifuta unaondoa krimu iliyobaki chini, na hiyo ndiyo uliyokuja kuisaidia.

Kama brashi yako ni ile yenye poda ndani ya mpini, igeuze kichwa chini na uigonge mara kadhaa nyuma ya kiganja mpaka uone unga umeshuka kwenye manyoya; wengi wanapaka brashi tupu bila kujua. Kisha gandamiza na kuzungusha duara ndogo ndogo. Kupangusa kwa mikupuo mirefu, kama tunavyopaka poda ya harusini, kunatawanya unga hewani na kuacha michirizi. Anzia kwenye mstari wa nywele, shuka paji lote, nenda kwenye mifupa ya mashavu ambayo ndiyo inayolikabili jua, kisha mgongo wa pua na mabawa yake, juu ya mdomo, kidevu, chini ya taya, masikio. Masikio yanasahaulika kila siku. Ukimaliza, rudia uso mzima tangu mwanzo, safari hii ukienda upande kwa upande kama mara ya kwanza ulikwenda juu na chini. Kisha mara ya tatu. Utajua umefika pale mng'ao unapotoweka sawasawa uso mzima na ukigusa shavu kwa ncha ya kidole unaona unga kidogo umebaki kidoleni. Kama huoni chochote kidoleni, bado.

Kwa akina dada wanaofunga ushungi, paka baada ya kuufunga upya, si kabla, kwa kuwa ukingo wa kitambaa unasugua paji na mashavu kila ukigeuza shingo. Wa wigi vilevile: ukingo wa mbele ndipo poda inapokwanguka kwanza.

Fanya jambo moja rahisi la kujisimamia. Siku unapofungua kichupa, andika tarehe kwa kalamu ya wino chini yake. Kikifika mwezi wa tatu bado kina poda na unakitumia kila siku, unapaka kidogo mno. Hakuna kipimo kingine cha nyumbani kinachosema kweli namna hiyo.

Sasa suala la rangi, ambalo kwetu sisi weusi ni zito kuliko saratani yenyewe, na nitasema kwa nini. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni adimu sana kwa mtu mweusi kuliko kwa mzungu wa jiji hilihili. Melanoma yetu mara nyingi huota nyayoni, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki sana. Ya namna hiyo ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ikiwa imeanzia kidole cha mguu. Kwa hiyo doa jipya jeusi linalokua chini ya kucha lipeleke hospitali, wala usidhani krimu ya jua ingelizuia. Kinachotusumbua sisi usoni ni mabaka: yale madoa ya kahawia kwenye mashavu na juu ya mdomo yanayokuja na mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango, na alama nyeusi zinazoachwa na chunusi. Mabaka hayo yanachochewa na UV, na pia na mwanga wa kawaida wa jua, ule tunaoonea. Imethibitika kwamba mwanga huo huwezesha ngozi nyeusi kuzidi kuwa nyeusi na kubaki hivyo muda mrefu, jambo ambalo kwa ngozi nyeupe halitokei kwa kiwango hicho. Na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii.

Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile rangi ya kahawia, njano na nyekundu inayotiwa kwenye poda ili ifanane na ngozi. Hapa ndipo poda ya madini yenye rangi inapotufaa kweli kweli. Geuza pakiti utafute namba hizi kwenye orodha ya viungo: CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi. Zinki huandikwa pia CI 77947 na titani CI 77891. Ukiona titani iko mwishoni kabisa mwa orodha na SPF haijatajwa popote, imetiwa kama rangi tu. Poda nyeupe isiyo na chuma itakuacha na uso wa majivu, na mtu mwenye uso wa majivu atapaka kidogo zaidi kesho, ni kawaida ya binadamu. Chagua inayokufanana hata kama ni lazima uzunguke maduka. Ukikosa ya weusi wako, bora krimu isiyo na rangi chini na fandesheni yenye oksidi ya chuma juu yake kuliko poda ya rangi ya mtu mwingine.

Na mkorogo. Nalisema kwa sababu nawapenda wanaosoma haya. Afrika Kusini ilipiga marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye haidrokwinoni tangu mwaka 1990, lakini vikopo bado vinauzwa vichochoroni katikati ya jiji, na vingine vinasafiri na mizigo kutoka kwetu. Ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake ya asili, na jua la mita 1,750 linaikuta wazi. Mabaka yanayofuata ni ya bluu-nyeusi, magumu, na hayatoki kwa urahisi hata kwa daktari. Mtu aliye kwenye mkorogo akipaka poda juu anajificha, hajikingi. Acha kwanza mkorogo, kwa ushauri wa daktari wa ngozi kama umetumia wenye steroidi kwa muda mrefu kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuwasha na kuchoma, halafu krimu, halafu poda ya rangi.

Mahali ambapo poda inaishinda krimu kabisa ni kichwani. Ukisuka twende kilioni, mistari ya ngozi kati ya nywele inalikabili jua la utosini siku nzima. Ukipaka krimu pale, inaganda kwenye nywele na inavutia vumbi la mchanga wa machimbo ambalo wakazi wa kusini mwa jiji wanalijua vizuri. Poda inapita kwenye mstari mmoja mmoja kwa brashi nyembamba bila kuharibu msuko. Wasusi wanaokaa nje mitaani wakiwasuka wateja wamekaa mahali pazuri pa kuwakumbusha. Kaka wenye vipara, ninyi vaeni kofia. Kipara kinatokwa jasho na poda haikai. Pembeni mwa macho pia poda ni nzuri, maana krimu ikiyeyuka huingia machoni ikachoma.

Dereva wa huku hukaa kulia, na shavu lake la kulia ndilo linalozeeka mapema. Kioo cha mbele cha gari huzuia UV nyingi, cha ubavuni hupitisha sehemu kubwa ya ile UV ndefu, UVA, na mwanga wote unaoonekana. Anayekaa dirishani kwenye teksi kila siku yuko vilevile. Kwa safari hiyo poda yenye rangi juu ya krimu inafaa sana.

Nilisema nitarudi kwenye mapafu. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka titani dioksidi katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na msingi wake mkubwa ulikuwa panya waliovuta vumbi lake kwa wingi. Ikiwa kwenye ngozi haina shida hiyo. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya nayo hairuhusu titani na zinki za chembe za nano katika bidhaa zinazoweza kuingia mapafuni kwa kuvutwa. Sioni sababu ya mtu mzima mwenye afya kuiogopa poda anayoipaka mara moja mchana, ila naona sababu ya kuwa na adabu nayo. Funga mdomo, zuia pumzi unapopaka eneo la pua na mdomo, usipake mbele ya feni wala ndani ya gari lililofungwa madirisha, na baada ya kumaliza ondoka hapo kabla ya kuvuta pumzi ndefu. Mwenye pumu aiache, atumie krimu ya kupaka kwa sponji. Mtoto asipakwe kabisa. Watoto wadogo hawazuii pumzi ukiwaambia. Wao ni krimu, kofia na kivuli, na wa chini ya miezi sita ni kivuli na nguo.

Watu wenye ualbino wasiitegemee poda kwa namna yoyote. Utafiti uliofanywa Soweto na Johannesburg na kuchapishwa 1982 ulikuta mtu mmoja mwenye ualbino katika kila 3,900. Tanzania hutajwa mmoja katika 1,400. Kwao saratani ya ngozi ya jua ni hatari ya kila siku na inaua vijana. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun, iliyoanzishwa na mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto kwa ajili yao mahsusi, na hugawiwa bure. Ukiwa na ndugu nyumbani Tanzania, ulizia kliniki ya ngozi ya karibu naye. Aliye huku aulizie krimu kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali ya serikali, na atumie fedha yake kununua kofia pana na nguo za mikono mirefu kabla ya kuwaza poda. Wenye lupasi pia, ambao jua linawaamshia ugonjwa, wasianze na poda.

Kwenye kununua sina mengi. Tafuta muhuri wa CANSA, shirika la saratani la Afrika Kusini, ambalo linaidhinisha bidhaa za jua zinazotimiza masharti yake. Tafuta maneno yanayosema inakinga UVA na UVB. Tazama tarehe ya mwisho. Bei ya poda moja mara nyingi inatosha kununulia krimu kubwa mbili. Kama mkoba unaruhusu kimoja tu, nunua krimu, na mchana jifunze kuigonga juu ya mekapu kwa sponji yenye unyevu. Inawezekana, inataka subira tu.

Brashi ioshe kila wiki kama inatoka kwenye mpini. Jasho na poda vikikaa kwenye manyoya wiki tatu ni chunusi ulizojitafutia. Ikauke ikiwa imelala. Usiazimishane, hata na dada yako.

Neno la Desemba kwa wanaokwenda nyumbani. Johannesburg haina malaria, kwa hiyo wengi wetu hupewa doksisaiklini ya kumeza kabla ya kushuka Dar, Mombasa au Bujumbura. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue kwa jua haraka kuliko kawaida, hata nyeusi. Dawa ya presha iitwayo haidroklorothiazaidi ina tabia hiyohiyo, na wazee wetu wengi wanaimeza. Mfamasia asipokutajia, muulize. Na kule pwani unyevu ni mwingi, uso unatokwa jasho tangu saa mbili asubuhi, poda inageuka tope kabla hujafika Kariakoo. Safari hiyo funga krimu isiyotoka kwa maji, tyubu mbili, kofia na kanga ya kujitanda, na poda uiache kwenye droo ya ofisini mpaka urudi Januari.